Bendi unayoipenda imetoa albamu mpya na imekuboa? Isikilize hivi kabla hujaitupa

Kama we ni mpenzi wa mziki wa roki hii hali utakuwa unaijua. Kuna albamu moja umeishi nayo, yani unajua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kiitikio, umeisikiliza kipindi cha mitihani, umeisikiliza umeachwa, umeisikiliza usiku usingizi umegoma, alafu miaka miwili mitatu inapita bendi ileile inaachia nyingine, unajifungia chumbani, unaiweka, na ikifika wimbo wa nne unaanza kuangalia saa. Inauma. Tena inauma kweli, na anayekwambia "si mziki tu" huyo hajawahi kupenda bendi.

Mi yalinikuta kwa Fleetwood Mac. Rumours, ile ya 1977, nilirithi kanda yake kwa kaka angu na kwa muda mrefu sikusikiliza kitu kingine. Nikaja kuipata Tusk, ya 1979, nikajua naenda kula raha ileile. Wimbo wa kwanza ni wa Christine McVie, mwimbaji na mpiga kinanda wao, mpole, nikasema haya tumefika, wa pili akaingia Lindsey Buckingham, mwimbaji na mpiga gitaa wao, na kitu kinachosikika kama mtu anagonga maboksi stoo huku anajiimbia mwenyewe, nikazima. Ikakaa kabatini zaidi ya mwaka. Sa hivi ndo albamu yao ninayoisikiliza kuliko zote, hata Rumours inasubiri, na sikufika hapo kwa bahati, kuna vitu nilifanya kimoja baada ya kingine, na baadae nikavifanya kwa albamu nyingine kama kumi hivi zilizoniudhi. Zingine zilifunguka. Zingine zilibaki mbovu vilevile, na moja yao ntaitaja.

Kitu cha kwanza, ile ya zamani iache kabisa kwa muda

Hapa ndo wengi tunakosea. Unaisikiliza mpya, imekuchefua, unakimbilia ile ya zamani ujifariji, unairudia mpya unaona imezidi kuwa mbaya. We piga hesabu tu: ile ya zamani umeisikiliza labda mara mia mbili, hii mara moja. Sa hapo unashindanisha rafiki wa miaka mitano na mtu uliyekutana nae jana. Kuna mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha mwaka 1968 utafiti wake maarufu kuhusu hii ishu, kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi huwa anaanza kukipenda, hata kama kitu chenyewe hakina maana yoyote kwake. Kwa hiyo nusu ya utamu wa ile albamu yako ya zamani umeutia we mwenyewe kwa kuirudia rudia. Sisemi haikuwa nzuri, Rumours ni nzuri bana, nasema tu hii mpya bado haijapata hiyo nafasi.

Mi huwa naiacha ya zamani wiki tatu. Siigusi, hata ikipigwa mahali naondoka. Wiki mbili zinatosha kama huna uvumilivu.

Alafu usisome mtu alichosema. Hili nalisisitiza. Oasis walivyoachia Be Here Now tarehe 21 Agosti 1997, baada ya ile (What's the Story) Morning Glory? ya 1995 iliyowafanya wakubwa kupita kiasi, Uingereza ziliuzwa kopi zaidi ya 420,000 siku ya kwanza tu, na magazeti mengi yakaisifia hadi basi. Haukupita muda mrefu watu walewale wakageuka, ikawa ndo mfano wa albamu iliyovimba kichwa. Kwa Weezer ikawa kinyume chake kabisa, Pinkerton ya 1996 wasomaji wa Rolling Stone waliipigia kura kuwa moja ya albamu mbovu za mwaka ule, na mwaka 2004 gazeti hilohilo likairudia likaipa nyota tano. Sa ungefata maneno ya watu ungedanganywa mara mbili, kwenye moja ungeambiwa ni dhahabu na kwenye nyingine ungeambiwa ni takataka. Sikiliza kwanza na masikio yako, ya watu utasoma baadae, na baadae utayasoma vizuri zaidi maana utakuwa na chako cha kubishana nacho.

Namna ya kuisikiliza yenyewe

Mara tatu, siku tatu tofauti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, simu iko mbali, na usitoe hukumu. Mara ya kwanza hutosikia kitu zaidi ya "hii sio ile", hiyo ni kawaida, acha ipite. Mara ya pili utaanza kujua wimbo gani unafata wimbo gani. Mara ya tatu kuna sehemu moja ndogo, labda mlio wa gitaa, labda mstari mmoja, utajikuta unaisubiri. Hiyo sehemu iandike. Mi naandikaga kabisa kwenye karatasi, wimbo wa saba, dakika ya pili na sekunde kumi, basi, maana huo ndo mlango utakaoingilia.

Ila kama albamu ni ndefu usijiue. Tusk ni santuri mbili, pande nne, kila upande nyimbo tano, jumla nyimbo 20 na zaidi ya dakika 70. Watu wa wakati ule walikuwa wanasikiliza upande mmoja, wanainuka kwenda kugeuza, wengine hawageuzi tena mpaka kesho yake. Sisi tunaipata yote imeungwa kama treni alafu tunalalamika imetuchosha. Kwa hiyo igawe, upande mmoja kwa siku. Nilivyofanya hivo tu tayari nusu ya hasira zangu kwa Tusk ziliisha, yani nyimbo tano tano ni albamu nyingine kabisa. The Clash baada ya London Calling walikuja na Sandinista! mwaka 1980, santuri tatu, nyimbo 36, na ukijaribu kuimeza kwa mkao mmoja utaichukia hata kama unawapenda The Clash kuliko ndugu zako. Pande sita, siku sita.

Kingine kidogo lakini kinasumbua wengi: sauti. Albamu moja inaweza kuwa imetengenezwa kwa sauti ya juu kuliko nyingine, na sikio la binadamu linapenda kinachopiga juu, linadhani ndo kizuri zaidi. Ukihama kutoka albamu moja kwenda nyingine rekebisha sauti zifanane kabla hujasema hii haina nguvu. Programu nyingi za kusikilizia mziki zina sehemu ya kusawazisha sauti, iwashe. Pia angalia unasikiliza toleo gani, maana kwa mfano Tusk ilivyoingia kwenye sidii mara ya kwanza miaka ya 80 ule wimbo mrefu wa Stevie Nicks, mwimbaji wa tatu wa bendi, ulikatwa ukawekwa toleo fupi ili yote itoshe kwenye sidii moja. Ule wimbo ndo moyo wa upande wa kwanza, na kuna watu walikaa na kipande miaka bila kujua.

Sasa ingia jikoni, ujue nini kilibadilika

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo imenisaidia kuliko zote. Albamu haibadiliki hivihivi. Ukiona bendi imetoa kitu tofauti kuna mtu ameondoka, au prodyuza kabadilishwa, au hela zimekuwa nyingi, au muda umekuwa mwingi, au mtu mmoja kwenye bendi ameanza kusikiliza mziki mwingine. Angalia hayo matano, moja baada ya jingine. Majina yanakuwa yameandikwa kwenye kava la albamu, na mahojiano ya wanabendi wenyewe yapo mengi, we tafuta tu nani alirekodi, wapi, na kwa muda gani.

Chukua Nirvana. Nevermind ya 1991 ilikuwa imesafishwa, kila kitu kinang'aa, na wenyewe baadae hawakuifurahia sana ile namna ya kung'aa. Kwa hiyo In Utero, 1993, wakamfata Steve Albini, jamaa aliyekuwa anaweka maikrofoni chumbani anarekodi bendi ilivyo, wakaenda studio moja Minnesota, Pachyderm, Februari, na kazi ikaisha ndani ya kama wiki mbili. Albini akachukua malipo ya mara moja, dola 100,000, akakataa kulipwa mirabaha ya mauzo, kwa sababu aliamini mziki ni wa bendi. Leibo, yani kampuni inayotoa rekodi zao, haikufurahia ilichosikia, na bendi wenyewe wakaona sauti ya kuimba na besi havisikiki vya kutosha, nyimbo mbili zikapelekwa kwa prodyuza Scott Litt azimiksi upya, yani apange upya kipi kisikike juu na kipi chini. Sasa ukishajua hivo, ule ukwaruzo unaokuudhi kwenye In Utero huusikii tena kama makosa. Unasikia bendi ya watu watatu chumbani, siku kumi na nne hivi wanabanana na baridi, wanajaribu kurudi walikotoka. Na kuna raha nyingine, toleo la miaka 20 lililotoka 2013 lina zile nyimbo mbili kama Albini alivyozimiksi mwenyewe, ziweke na zile za Litt moja baada ya nyingine, utajifunza kazi ya kumiksi kuliko kusoma kitabu kizima.

Au Metallica. Baada ya Master of Puppets, 1986, mpiga besi wao Cliff Burton akafa kwenye ajali ya basi Sweden, Septemba mwaka huohuo, akaingia Jason Newsted, na ...And Justice for All ya 1988 ikatoka besi yake karibu haisikiki kabisa. Mtu anayetoka kwenye Master of Puppets anasikia kitu kimekauka, kinagonga kama bati, na hajui kwa nini. Ni kwa sababu chini hamna kitu. Ukishajua unaweza kuisikiliza kwa namna nyingine, gitaa na drami zikiwa peke yake juu ya shimo, na mi naona linaendana na jinsi nyimbo zenyewe zilivyo na hasira, ingawa besi bado naitamani na sitaacha kuitamani.

Radiohead nao, baada ya OK Computer ya 1997 mwimbaji wao Thom Yorke alichoka na gitaa, kuandika kukagoma, akawa anasikiliza mziki wa kompyuta wa kina Aphex Twin na Autechre, na Kid A ikatoka Oktoba 2000 bila singo hata moja. Wako waliosema wamepotea. Ushauri wangu kwa albamu za aina hii ni mwepesi, nenda kasikilize alichokuwa anasikiliza yeye. Kaa siku mbili na Aphex Twin alafu rudi kwenye Kid A, utaona sio watu waliopotea, ni watu waliohama na wanakuambia wamehamia wapi. Na Buckingham hivohivo, kipindi cha Tusk masikio yake yalikuwa kwenye panki na zile bendi mpya za wakati huo, alikuwa anaogopa kugeuka mtu wa kutengeneza Rumours ya pili na ya tatu mpaka anazeeka. Vitu vingine alirekodi nyumbani kwake. Nilivyolijua hilo yale maboksi yake yakaanza kuniingia. Alikuwa na albamu iliyokaa namba moja Marekani wiki 31, hela zipo, leibo inataka nyingine kama ile, na yeye anajifungia na kugonga alichokisikia kichwani. Nani kati yetu angethubutu?

Hela na muda navyo viangalie kwa makini, maana hapo ndo unapata dalili za ubovu wa kweli. Hela nyingi na hakuna mtu wa kusema hapana, hilo ni tatizo. Be Here Now ni dakika 71, nyimbo zinavuka dakika tano, sita, moja inavuka tisa, magitaa yamepangwa juu ya magitaa mpaka huwezi kusikia kipi kinapiga nini. Noel Gallagher mwenyewe, mtunzi wa nyimbo za Oasis, ameisema vibaya hiyo albamu miaka na miaka, na kokeini wameitaja wazi. Nyimbo zenyewe sio mbaya, nikisikiliza zile demo, yani rekodi za majaribio, alizorekodi na prodyuza Owen Morris kisiwani Mustique 1996, zilizotoka rasmi 2016, nasikia nyimbo nzuri zimevaa nguo za kawaida. Zilizikwa tu.

Sikiliza chombo kimoja kimoja

Weka hedfoni, chagua wimbo uliokuudhi zaidi, na usikilize besi tu mwanzo mwisho. Rudia, sikiliza drami tu. Rudia tena, vitu vya nyuma kabisa, kinanda, sauti za kuitikia. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa wimbo mmoja. Ukimaliza utajua kama wimbo una mifupa au hauna. Kwenye Tusk nilifata besi ya John McVie na drami za Mick Fleetwood na nikagundua ni watu walewale wa Rumours, hawajaenda popote, wanashikilia nyumba wakati Buckingham anavunja madirisha. Hapo ndo nilipopata pa kushika.

Maneno nayo soma, ila sio siku ya kwanza. Pinkerton bila kusoma mistari utadhani ni kelele tu. Ile ya mwanzo ya Weezer, ya kava la bluu, 1994, prodyuza alikuwa Ric Ocasek, kila kitu kimenyooka. Pinkerton wakajiprodyuzi wenyewe, na Rivers Cuomo, mwimbaji na mtunzi wao, alikuwa amerudi shule, Harvard, ametoka kufanyiwa upasuaji wa mguu, mpweke, anaandika vitu ambavyo mtu wa kawaida angevificha. Jina lenyewe la albamu ni la yule mwanajeshi wa majini kwenye opera ya Puccini, yule anayeoa alafu anatelekeza. Nyimbo kumi, dakika kama 34, na mle ndani kuna aibu na tamaa na ubinafsi, sio vyote vinapendeza, vingine mi vinanikera mpaka leo jinsi anavyowaongelea wanawake. Lakini ukisoma unaelewa kwa nini gitaa linakwaruza vile, lisingeweza kuwa laini.

Igawe, ipange upya

Sa hapa fanya mchezo mmoja mzuri sana. Kama bendi ina watunzi zaidi ya mmoja, tengeneza orodha kwa mtunzi. Tusk ina nyimbo tisa za Buckingham, sita za Christine McVie, tano za Stevie Nicks. Nilizitenganisha, nikasikiliza orodha tatu kwa siku tatu. Za Nicks peke yake ni albamu ndogo ya huzuni iliyokamilika, ndefu, nzito, nilikuwa sijaisikia kabisa kwa sababu kila zikianza kunikolea anaingia Buckingham na vurugu. Za McVie ni kama mtu anakufunika shuka. Za Buckingham zikiwa tisa mfululizo zinaeleweka, zina lugha yake. Alafu nikairudisha albamu kwenye mpangilio wake wa asili, na safari hii yale marukaruko yaliyoniudhi yakawa ndo stori yenyewe, watu watatu wanaokaa nyumba moja na kila mtu ana chumba chake, maana wapenzi ndani ya bendi hii walishaachana tangu enzi za Rumours na bado wanapiga pamoja.

Kama mtunzi ni mmoja basi kata. Chukua Be Here Now, toa nyimbo nne unazoona hazina kazi, sikiliza zilizobaki. Mi nilitoa mpaka ule wa marudio wa mwishoni. Ikawa bora, nakiri, ila bado magitaa yalibaki yameziba kila tundu, kwa hiyo nikajua tatizo haliko kwenye wingi wa nyimbo tu, liko kwenye namna zilivyotengenezwa. Hiyo ndo faida ya kukata, inakuonyesha ugonjwa uko wapi. Ila ukishajua irudishe nzima, usije ukabaki na toleo lako ukasema umeisikiliza albamu.

Na tafuta nyimbo hizo zikipigwa jukwaani. Albamu inaweza kuwa imeharibiwa studio na wimbo ukawa mzima. St. Anger ya Metallica, 2003, watu waliikataa kwa ile snea, ngoma ya katikati ya drami, inayolia kama ndoo na kwa kukosa solo za gitaa, ila ilitoka pamoja na dividii ya bendi inafanya mazoezi ya nyimbo zote, na mpiga besi mpya Robert Trujillo, na pale nyimbo kadhaa zinapumua tofauti kabisa. Sio zote. Kadhaa.

Alafu iache, na baada ya hapo ndo useme

Ukishafanya haya yote weka chini miezi sita. Kweli kabisa, usiiguse. Kuna vitu masikio yanavimaliza yenyewe ukiwa hujui. Nilivyorudi kwenye Tusk baada ya mapumziko nilikuta nazijua nyimbo ambazo sikumbuki kujifunza.

Wakati unasubiri angalia mdomo, hasa kama unaandika mahali ambapo watu wanasoma. Pinkerton ilivyopokelewa vibaya Cuomo aliumia sana, akajitenga, na Weezer walikaa bila kutoa albamu hadi 2001, wakarudi na albamu ya kava la kijani, Ric Ocasek tena, fupi haifiki hata nusu saa, safi, imenyooka, na hakuna anachokuambia kuhusu nafsi yake. Kipindi hicho yeye mwenyewe alikuwa anaiponda Pinkerton hadharani. Mashabiki walitaka ile ya bluu wakapewa kitu kinachofanana nayo kwa nje. Sasa wakati huohuo vijana wengine walikuwa wanaipitisha Pinkerton mkono kwa mkono, bendi za emo, ile roki ya kumwaga hisia, zinaitaja kila siku, na mwaka 2010 Weezer wakafanya ziara wanapiga albamu ya bluu usiku mmoja na Pinkerton usiku unaofata, nzima, watu wanaimba kila neno. Miaka 14 imepita hapo. Huwa najiuliza angetuandikia nini katikati.

Na ikibaki mbovu, sema ni mbovu. Umeshaifanyia haki, huna deni. Ila sema kwa kutaja kitu: wimbo gani, dakika ya ngapi, chombo gani, nini kilitakiwa kuwepo hakipo. "Wameisha" sio sababu. "Wimbo wa nne hauna kiitikio na unarudia gitaa lilelile dakika tatu" hiyo ni sababu, na mshkaji wako anayeipenda anaweza kukujibu, mkakaa mkabishana usiku mzima kwa raha.

Moja ya zangu zilizobaki mbovu ni Second Coming ya The Stone Roses. Ile ya kwanza, 1989, naipenda kiasi kwamba naona haya kuiongelea. Baada ya pale wakaingia kwenye kesi na leibo yao ya zamani, wakashinda, wakasaini leibo nyingine, Geffen, wakakaa miaka mitano na ushee kabla ya kutoa ya pili Desemba 1994. Prodyuza wa ile ya kwanza, John Leckie, aliondoka katikati ya kazi. Mpiga gitaa John Squire akaandika nyimbo nyingi peke yake, gitaa lake likaelekea kwa Led Zeppelin, na wimbo wa kufungua una dakika 11, na zaidi ya dakika nne za mwanzo ni maji na makelele ya msituni na gitaa kabla hujasikia mtu anaimba. Nimeifanyia yote niliyokuelekeza hapa. Wiki tatu bila ile ya kwanza, mara tatu mfululizo, besi peke yake, drami peke yake, nimekata, nimerudisha, nimeiacha miezi sita mara mbili. Bado naona gitaa limemeza bendi, na mwimbaji wao Ian Brown anaimba kama mgeni kwenye nyimbo za mtu mwingine.

Lakini nilivyosikiliza drami peke yake nilikutana na Reni, mpiga drami wao, na Reni anapiga vizuri kuliko hata kwenye ile ya kwanza, mkono mwepesi, anateleza, anasukuma nyimbo nzito kama hazina uzito. Mwaka uliofata akatoka kwenye bendi. Kwa hiyo hiyo albamu ninayo, sijaitupa, na mara moja moja naiweka, nashusha masikio mpaka chini kabisa, namsikiliza yeye tu mpaka iishe.